Mpaka Umande Ukauke

Saa moja na nusu asubuhi. Jua limeshapanda juu ya mikaratusi na kondoo kumi na wanane bado wamo zizini, wanalia. Majani yako hatua kumi tu kutoka mlangoni, mabichi, yanameremeta, na kondoo wanayaona. Mwenye kondoo ameketi kwenye kigoda anachambua mboga. Hana haraka ya kufungua. Kila baada ya muda anainuka, anakwenda mpaka ukingoni mwa malisho, anainama, anapitisha kiganja juu ya majani, kisha anakigeuza na kukitazama. Kiganja kikirudi kimelowa, naye anarudi kwenye kigoda chake.

Siku ya kwanza nilipomtembelea alifanya hivyo mara nne. Mara ya tano, saa nne ikikaribia, kiganja kilirudi kikavu. Akafungua.

Hapa ni Ndanai, kaunti ya Bomet. Ukishuka kutoka mashamba makubwa ya chai ya Kericho, ukapita mjini Sotik na kushika barabara ya Gorgor, chai inazidi kupungua na mahindi yanazidi kuongezeka. Mbele zaidi ni Trans Mara. Karibu kila boma lina ng'ombe wawili watatu wa maziwa, na pembeni yao kondoo. Sifa zote huenda kwa ng'ombe. Maziwa ndiyo yanayolipa karo, na mursik, yaani maziwa ya mgando, ndiyo heshima ya mgeni. Kondoo ni akiba ya dharura: mtoto akifukuzwa shule kwa ajili ya sare, kondoo mmoja anapelekwa sokoni, mambo yanaendelea. Huenda ndiyo sababu ufundi wa kuwatunza hausemwi sana. Mimi nimeutazama kwa miezi kadhaa na ninataka kuusema, kwa sababu ni miongoni mwa kazi za mikono nzuri kuliko zote nilizopata kuziona.

Mwenye kondoo hawa wajukuu wake humwita kogo, yaani nyanya, nami nikaanza kumwita hivyo hivyo bila kuambiwa.

Ule umande alioupima una maana yake. Katika tumbo la nne la kondoo, lile linalomeng'enya chakula kwa asidi, huishi mnyoo ambaye wataalamu humwita Haemonchus contortus. Ukimpasua kondoo aliyekufa kwa sababu yake utamwona bila darubini: uzi wa urefu wa sentimita mbili au tatu, wekundu na weupe vimesokotana. Wekundu ni damu aliyoinyonya, weupe ni mirija ya mayai. Mnyoo mmoja hunyonya mililita 0.05 za damu kwa siku, yaani tone moja. Sasa hesabu. Kondoo mwenye minyoo 1,000 hupoteza mililita 50 kila siku, na kondoo wa kilo 40 ana damu ya lita mbili na nusu hivi katika mwili wake wote. Jike mmoja wa mnyoo hutaga mayai 5,000 kwa siku, pengine zaidi. Mayai hutoka na mavi, yakipata joto na unyevu yanaanguliwa, na baada ya wiki moja hivi lava wako tayari kuingia kwa kondoo mwingine.

Ila lava hana miguu wala mabawa. Anachotegemea ni maji. Utando mwembamba wa umande juu ya jani ndio ngazi yake: asubuhi anapanda, jua likikausha majani anashuka kujificha kwenye mashina, karibu na udongo, na wengi wao hawapiti sentimita tano kutoka chini. Kondoo aliyefunguliwa alfajiri, mwenye njaa, huwakuta wamepanda. Kiganja cha kogo kilikuwa kinapima ngazi hiyo.

Kutokana na jambo hilo moja ametunga sheria zake zote za malisho. Majani mafupi kuliko upana wa kiganja hayaliwi. Shamba lake la ekari moja na ushei amelikata vipande kwa ua wa michongoma na nyaya kuukuu, na kipande kilicholiwa kinapumzika. Lava akishafika hatua ya kumngoja kondoo, hali tena chochote, amefungwa ndani ya ngozi yake ya zamani na anaishi kwa akiba aliyobaki nayo. Joto likizidi, akiba inaisha upesi. Kipande kikilala miezi miwili mitatu, waliokuwa wakingoja wengi wao wamekufa njaa. Na kabla ya kondoo kurudishwa, kogo huwapitisha ng'ombe wake wakubwa. Ng'ombe hula majani pamoja na lava waliobaki, na mnyoo wa kondoo hastawi katika tumbo la ng'ombe mzima. Ng'ombe huyo amefanya kazi mbili kwa mlo mmoja.

Ufundi wenyewe, hata hivyo, uko kwenye jicho.

Kila baada ya wiki mbili, na mvua zikikolea kila wiki, kondoo wote hukaguliwa mmoja mmoja. Mjukuu wa kiume anambana kondoo katikati ya magoti. Kogo anasimama mahali ambapo kivuli chake hakimwangukii mnyama, maana anataka mwanga wa jua wenyewe. Kidole gumba cha mkono mmoja kinafunika jicho kwa kope ya juu na kulisukuma ndani taratibu, taratibu kweli, kama mtu anayejaribu parachichi kama limeiva. Gumba la pili linavuta kope ya chini. Hapo utando wa ndani unachomoza wenyewe, kama ulimi mdogo. Anautazama kwa muda wa pumzi moja, anauachia, anahamia jicho la pili. Anataja namba. Mjukuu anaitamka kwa sauti ili isisahaulike, kisha anamwachia kondoo aende zake.

Namba ni tano. Moja ni jicho jekundu, damu imejaa. Mbili, wekundu umeanza kulegea. Tatu ni rangi ya waridi. Nne, waridi iliyopauka. Tano ni nyeupe kama karatasi, na kondoo wa tano anaweza kuanguka akifukuzwa tu kutoka upande mmoja wa zizi hadi mwingine. Mpango huu ulibuniwa na madaktari wa mifugo wa Afrika Kusini katika miaka ya 1990, na unaitwa FAMACHA, jina lililotokana na mmoja wao, Faffa Malan, likaunganishwa na neno la Kiingereza la chati. Ni kadi ndogo yenye picha tano za macho. Kogo anayo. Anaihifadhi ndani ya mkebe wa majani ya chai, gizani, kwa kuwa rangi zake zikipigwa na jua zinafifia, na kadi iliyofifia itakuambia kondoo wako ni mzima hali anakufa. Nilimwona akiitoa na kuishika kando ya jicho la kondoo ingawa macho ya namna hiyo ameyatazama mara zisizohesabika. Hakutegemea kumbukumbu. Kwa maoni yangu hapo ndipo fundi anapojulikana: anajua jicho lake mwenyewe linaweza kuzoea weupe kidogo kidogo mpaka likauona wa kawaida.

Siku moja ya ukaguzi, kati ya kumi na wanane, kumi na wawili walikuwa moja au mbili. Wanne walikuwa tatu. Wawili walikuwa nne. Wa nne hawana mjadala, wanapewa dawa. Wa moja na mbili hawapewi. Mjadala wote uko kwenye tatu.

Mmoja wa tatu alikuwa ananyonyesha mapacha. Kogo akamshika mgongoni, nyuma ya mbavu, akibonyeza kwa ncha za vidole kutafuta mifupa ya uti. Aliipata upesi mno. Akasema apewe. Wawili walikuwa na nyama ya kutosha, wakaachwa. Aliyesalia alikuwa jike mwenye sikio lililochanika, na kwake kogo alikaa muda mrefu. Alimshika mgongo. Akapapasa chini ya taya, mahali ambapo maji hujikusanya damu ikiwa nyepesi, kukawa kama kifuko laini kinachoning'inia. Hapakuwa na kitu. Akainua mkia kutazama mavi. Yalikuwa punje kavu, safi. Akamwuliza mjukuu kama jana kondoo huyu alikuwa wa mbele au wa nyuma wakitoka malishoni. Wa katikati, kijana akajibu. Kogo akatazama tena jicho.

"Tumngoje," akasema. Akampaka mstari wa chokaa kichwani ili baada ya siku saba aangaliwe kabla ya wenzake.

Chupa ya dawa ilikuwa palepale, imejaa. Nikamwuliza kwa nini asiwape wote kumi na wanane, kazi ikaisha. Alinijibu akiwa bado anafuta mikono. "Ukiwapa wote, watakaobaki ni wale minyoo walioishinda dawa. Watazaana wao kwa wao. Mwaka ujao dawa itakuwa maji tu." Wataalamu husema jambo hilohilo kwa maneno marefu: minyoo wasioijua dawa waachwe wawepo, ndani ya kondoo wenye afya na kwenye majani, ili wazidi wale sugu kwa wingi na kuchanganyika nao. Na hesabu inawaunga mkono, kwa sababu katika kundi lolote wachache, kama wanyama wawili kati ya kumi, ndio wanaobeba sehemu kubwa ya minyoo wote. Kuwatibu hao ni kuondoa sehemu kubwa ya mzigo.

Ujanani kogo alichuma chai Kericho. Anasema mkono wa mchumaji hufundishwa kuacha. Majani mawili na chipukizi, hayo tu. Kilichokomaa kibaki kulisha mti. Mchumaji anayevuruga kila kitu hujaza kikapu upesi, na mizani ikamkatalia jioni. Alipokuwa akinieleza hayo vidole vyake vilikuwa vinachuma hewani.

Mimi nilijifunza upande wa pili wa jambo hili kwa hasara. Miaka kadhaa iliyopita, nyumbani kwetu, tuliwanywesha kondoo wote dawa kila baada ya miezi mitatu, tukifuata tarehe za kalenda. Uzito tulikisia kwa macho, na kwa kuwa dawa ni pesa, tulikisia chini. Kisha, tukijiona werevu, siku hiyohiyo tuliwahamishia kwenye malisho mapya yaliyopumzika. Maana yake ni kwamba malisho safi yalipandwa mayai ya minyoo sugu peke yao. Msimu wa tatu, mvua za Aprili, tulizika kondoo tisa katika wiki tano. Dukani tulikonunua tulipewa pakiti ya rangi nyingine tukaambiwa ni dawa tofauti. Sikusoma maandishi madogo. Ilikuwa albendazole, kama ile ya kwanza. Ningali nawaona wale kondoo, taya zimevimba, wamesimama na vichwa chini kando ya majani mazuri wasiyoweza kuyala.

Tangu siku hizo nasoma maandishi madogo. Katika maduka yetu ya dawa za mifugo kuna majina mengi na koo chache: jamii ya albendazole, ambayo mzee wake, thiabendazole, alitoka mwaka 1961, levamisole, na ivermectin, iliyotokana na bakteria ambaye Satoshi Ōmura alimpata kwenye udongo wa Japani, na kazi hiyo ikampa yeye na William Campbell Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Minyoo wasiosikia dawa hizi wamepatikana katika mashamba ya Kenya tangu miaka ya 1990, wengine hawasikii hata mbili kwa pamoja. Hakuna foleni ndefu ya dawa mpya inayotungoja. Kila dozi inayotolewa bila sababu inakula hazina ya pamoja, ya jirani na ya mjukuu.

Ndiyo maana kumnywesha kondoo mmoja hapa ni tendo lenye uzito. Kogo hakisii. Anazungusha utepe wa kupimia kifuani, nyuma ya miguu ya mbele, anasoma kilo, anavuta dawa kwenye bomba la sindano lisilo na sindano, analiinua juani kuona mstari. Kichwa cha kondoo hakiinuliwi juu. Kinabaki usawa wa mgongo, maana koo likinyooshwa sana dawa huenda mapafuni, na kondoo aliyevuta dawa mapafuni hufa kifo kibaya kuliko cha minyoo. Ncha ya bomba inaingia pembeni mwa mdomo, pale pasipo na meno, inapita juu ya ulimi mpaka nyuma kabisa. Anasukuma polepole, anangoja koo limeze, anasukuma tena. Dawa ikiachwa mbele ya mdomo, kondoo huitema au huimeza kwa njia inayoruka tumbo la kwanza, ikapita mwilini upesi kabla haijafanya kazi. Ikifika tumbo la kwanza, inatoka humo kidogo kidogo kwa saa nyingi. Kwa jike mwenye mimba changa hatumii albendazole hata kidogo. Na jirani akija kuuliza kipimo cha mbuzi wake, kogo anamtuma kwa daktari wa mifugo, kwa sababu mwili wa mbuzi huitoa dawa upesi kuliko wa kondoo, na kipimo cha kondoo kwa mbuzi ni kipimo cha kuwafundisha minyoo.

Mpaka hapa nimesema habari za dawa kana kwamba ndiyo kazi. Kwa kogo dawa ni sehemu ndogo. Saa zake nyingi ziko kwenye chakula, na ukimwuliza anavyozuia minyoo atakuonyesha kwanza vitanda vya viazi vitamu.

Kondoo wa kilo 40 anahitaji chakula kikavu cha kilo moja na nusu hivi kwa siku. Majani ya nepia, yakiwa mabichi, sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo kilo moja na nusu ya chakula ni kama kilo nane za nepia iliyotoka kukatwa, rundo ambalo mgeni akiliona atadhani ni la ng'ombe. Kogo anaikata ikiwa imefika kifuani mwake, kabla haijawa miti, naye huiacha ianikwe nusu siku kivulini ili inyauke. Nepia peke yake inajaza tumbo bila kujenga mwili. Kinachojenga ni protini, na protini yake inatoka sehemu tatu: mashina ya viazi vitamu, desmodiamu inayotambaa katikati ya mistari ya nepia, na kaliandra iliyopandwa kama ua upande wa barabara, ile yenye maua mekundu kama brashi. Watafiti waliofanya kazi na wafugaji wa Embu walionyesha kwamba kilo tatu za kaliandra mbichi zinaweza kushika nafasi ya kilo moja ya chakula cha ng'ombe wa maziwa cha madukani. Ua ule, kwa hiyo, ni duka.

Uhusiano wa protini na minyoo ndio uliomfanya kogo apande ua huo. Mwili wa kondoo una askari wake. Kondoo aliyeshiba vizuri hujenga kinga ambayo huwafukuza lava kabla hawajatulia, au huwafanya minyoo wabaki wadogo na kutaga kidogo. Na damu inayonyonywa huijaza upya. Askari hao hulishwa protini. Ikipungua, mwili huchagua, na jike anayekaribia kuzaa huchagua mtoto na maziwa. Kinga inalegea. Wiki chache kabla na baada ya kuzaa, mayai ya minyoo kwenye mavi yake hupanda ghafla, na malisho anayoyachafua ndiyo mwanawe atakayoanza kuyatafuna. Maumbile yamepanga mtego huo kwa ustadi wa kutisha.

Kogo anautegua mapema. Mimba ya kondoo ni miezi mitano, na zaidi ya nusu ya ukuaji wa kitoto huja katika wiki sita za mwisho. Mjukuu ameandika ukutani kwa mkaa siku dume alipopanda, na ikifika siku ya mia moja jike anahamia upande wake wa zizi, anaongezewa mashina ya viazi asubuhi na kaliandra jioni, na konzi ya pumba za mahindi. Nimemwona kogo akiwalisha majike watatu wa namna hiyo. Hakumwaga chakula akaondoka. Alisimama akatazama nani anaanza, nani anasukumwa, nani anatafuna upande mmoja. Walipolala kucheua alikaa kimya, midomo yake ikitikisika, mpaka nikaelewa kwamba anahesabu. Kondoo mwenye raha hutafuna mara nyingi kwa kila tonge alilolirudisha, na anapokatiza katikati kuna kitu kinamsumbua. Sijawahi kumwona mtu mwingine akihesabu matafuno ya kondoo.

Chumvi nayo ina hadithi. Jiwe la chumvi la ng'ombe limetundikwa juu, mahali kondoo hawafiki, kwa sababu madini ya ng'ombe mara nyingi yana shaba, na ini la kondoo hulimbikiza shaba bila kuitoa. Kondoo anaweza kuonekana mzima miezi kadhaa, kisha siku moja ini linaiachia yote kwa mpigo, mkojo unakuwa wa rangi ya kahawa, na siku ya pili hayupo. Kondoo wa kogo wana chumvi yao.

Kupe nitawapitia haraka, kwani wanayemdhuru zaidi hapa ni ng'ombe, kwa homa ya ndigana. Kogo huwanyunyizia ng'ombe na kondoo dawa siku moja na kuwapapasa kondoo masikioni na chini ya mkia. Bondeni kwenye kijito kuna majimaji yenye konokono, na huko kondoo hawaendi kabisa, hata kiangazi wakati kila kilima kimekauka na bondeni ndiko kuliko kijani. Konokono hao ndio wanaobeba mnyoo bapa wa ini.

Kuna mnyama ambaye ningependa kogo amwone. Ni alpaka wa milima ya Andes, kule Peru na Bolivia, anayefugwa kwa ajili ya sufu yake, na ambaye ni wa ukoo mmoja na ngamia wetu wa Marsabit na Wajir. Alpaka wana desturi ya kunya mahali pamoja, kundi zima, na hawali majani ya karibu na mahali hapo. Yaani wametenga choo na meza. Hata hivyo mnyoo huyuhuyu anawapata wakifugwa wengi katika nchi za joto na unyevu, na huko Marekani wafugaji wao nao hufunua kope kutazama rangi. Kondoo hana desturi hiyo. Anaangusha mavi anapolishia, analala juu yake, analia kutaka kurudi hapohapo. Hivyo kogo humfanyia kazi ambayo alpaka hujifanyia. Kila asubuhi, wakati umande unazuia mlango, zizi linafagiliwa, mavi yanakwenda kwenye shimo lililofunikwa kwa majani ya migomba, yanachemka kwa joto lake mwenyewe mpaka mayai yanakufa, na baada ya miezi mitatu yanarudi kwenye nepia. Nilipomsimulia habari za alpaka alifurahi sana. Aliuliza kama wanazaa mapacha. Nikamwambia ni nadra. Akatikisa kichwa kwa masikitiko.

Shingoni mwa kila kondoo wake jike kuna kamba ya katani, na kwenye baadhi ya kamba kuna mafundo. Kila dawa inayonywewa ni fundo moja. Sikuyaelewa mpaka siku ya soko, kondoo wawili walipotengwa wapelekwe. Mmoja alikuwa mnene, mzuri, wa mchanganyiko wa Dorper, mwenye mafundo manne. Mwingine matatu. Aliyebaki zizini nyuma yao alikuwa mwekundu, mdogo wa umbo, mkia mnene, wala si wa kumtamanisha mnunuzi. Kamba yake ilikuwa laini kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Damu ya huyo mwekundu ni ya kondoo wa Kimaasai, na thamani yake iliwahi kupimwa. Katikati ya miaka ya 1970 mpango wa kusambaza Dorper, waliotoka Afrika Kusini, ulianza nchini, na watu wakachanganya kila mahali kwa kuwa Dorper ni mkubwa. Kisha kati ya 1991 na 1996 watafiti wa mifugo wa kimataifa waliwafuga wote wawili kwenye shamba moja Diani, pwani, penye joto na unyevu ambao minyoo wanaupenda. Mwekundu alikuwa na mayai machache ya minyoo kwenye mavi, damu nzito zaidi, na wana wake walikufa kwa uchache. Kwa hesabu ya mwisho wa mwaka, udogo wake ulilipwa na uhai wake. Kogo hakuwahi kusikia habari za Diani. Dume wake mwekundu alimpata kutoka upande wa Trans Mara, na mafundo yalimwambia ambayo wengine waliambiwa na maabara. Miaka yote hiyo amekuwa akichagua kundi lisilohitaji mkono wake, kwa mkono wake.

Nilirudi siku ya saba baada ya ukaguzi ule. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, umande ulikuwa mzito, na kiganja kilirudi kimelowa mara sita. Mstari wa chokaa kichwani mwa yule jike mwenye sikio lililochanika ulikuwa umefutika nusu, lakini kijana hakuhitaji kuutafuta. Alimleta, akambana. Kogo alizunguka mpaka jua likawa nyuma yake kidogo, akafunika jicho, akasukuma, akavuta. Alitoa kadi kwenye mkebe akaishika kando. Akatazama jicho la pili. Kisha akanisogeza kwa bega ili nami nione, na kidole chake kikabaki pale kikishikilia kope: utando ulikuwa umeiva, mwekundu kuliko wiki iliyopita, wekundu wa maharagwe mabichi yaliyotoka kumenywa.

"Mbili," kijana akasema kwa sauti.

Kogo akaachia. Jike akapiga chafya, akatikisa sikio lake lililochanika, akaenda kusimama mlangoni na wenzake kungoja majani yakauke.